Supu ya udon kwa dakika 20: anza na dagaa, achana na mifupa

SWALI: Nilionja supu ya tambi nene za Kijapani nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu, ambaye mumewe ni Mjapani. Ilikuwa nyepesi, ina rangi ya chai hafifu, lakini ladha yake ilikaa mdomoni muda mrefu. Nimejaribu kuipika hapa Tanga. Nilichemsha mifupa ya ng'ombe saa tatu nzima, nikatia soya sosi, tangawizi, kitunguu saumu na kiungo cha mchuzi cha pakti, kisha nikapikia tambi humo humo. Ikatoka nyeusi, nzito, chumvi tupu, na tambi zinakatika zenyewe. Narudi kazini saa kumi na mbili jioni, nina mtungi mdogo wa gesi wenye jiko moja juu yake. Kuna njia ya haraka? Na inawezekana bila kuagiza vitu nje? Sisi ni Waislamu, mvinyo wa kupikia hatutumii.

JIBU: Dada yangu, inawezekana, tena kwa urahisi kuliko ulivyofanya. Kilichokuchelewesha ndicho hicho hicho kilichokuharibia ladha: mifupa. Supu uliyoonja haikuwa na mfupa hata mmoja.

Huku kwetu ukitaja supu, mtu anawaza makongoro yaliyolala motoni tangu usiku. Wajapani nao wanayo supu ya namna hiyo. Ni ile ya rameni, tambi nyembamba, ya Kyushu, kisiwa chao cha kusini, ambako mifupa ya nguruwe hutokota kwa moto mkali saa nyingi mpaka mafuta na uboho vichanganyike na maji, supu iwe nyeupe. Hiyo ni kazi ya mgahawa, na hata Mjapani mwenyewe akiitaka huifuata mgahawani. Supu ya udon, yaani hizo tambi nene ulizoonja, inayopikwa nyumbani inaanzia kwingine kabisa. Msingi wake ni dashi, yaani maji yaliyochukua ladha ya kitu kilichokaushwa: mwani mnene wa baharini uitwao kombu, vipande vyembamba vya samaki jamii ya jodari vilivyofukizwa moshi na kukauka mpaka vikawa vigumu kama mti (katsuobushi), uyoga mkavu wa shitake, au samaki wadogo wakavu. Kazi kubwa ilikwisha kufanywa na jua, moshi na muda. Jikoni kwako kinachobaki ni kuroweka, kupasha na kuchuja, kama mtu anayetengeneza chai ya majani. Ndiyo maana supu hii ni ya haraka kwa asili yake. Hakuna hatua tunayoiruka.

Hao samaki wadogo wakavu ndio nataka uwashike. Wengi wanaosoma mapishi ya Kijapani hukata tamaa wanapoona kombu na katsuobushi, wakidhani bila vitu hivyo hakuna supu. Lakini nenda Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku, mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo, unaojitangaza tangu 2011 kwa jina la Mkoa wa Udon. Udon ya huko, inayoitwa Sanuki kwa jina la zamani la mkoa, ndiyo maarufu kuliko zote nchini mwao, na dashi yake inasimamia juu ya dagaa. Wanawaita iriko, na kwingine Japani huitwa niboshi. Wanaosifiwa zaidi wanatoka Ibuki, kisiwa kidogo katika bahari ya ndani ya Seto, ambako samaki hutolewa majini, huchemshwa upesi kwenye maji ya chumvi, kisha hukaushwa. Samaki mwenyewe ni wa jamii moja na dagaa wetu wa baharini. Na namna ya kumtengeneza je? Pita Unguja kwenye madiko ya dagaa uone masufuria makubwa ya maji ya chumvi na chanja za kuanikia. Kazi ni ile ile. Dagaa hao hupakiwa magunia kwa magunia, wengine wakafika hadi Kongo. Wewe uko Tanga, umekaa juu ya kiungo ambacho Mjapani wa Kagawa anakitegemea kila asubuhi.

Niseme kidogo kwa nini inafanya kazi, maana ukiielewa hii hutahitaji kushika vipimo vyangu kwa kichwa. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo aligundua kwamba ladha nzito ya kombu inatokana na glutamati, akaipa ladha hiyo jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akaipata nyingine ndani ya katsuobushi, inosinati, ambayo imo kwa wingi pia ndani ya dagaa wakavu. Baadaye ikaonekana kwamba mbili hizi zikikutana ulimi unaonja ladha kubwa mara nyingi kuliko jumla ya kila moja peke yake. Sasa angalia: dagaa wako wanaleta inosinati. Glutamati itatoka wapi kama huna kombu? Itatoka kwenye soya sosi. Soya iliyochachushwa vizuri imejaa glutamati. Kwa hiyo dagaa na soya sosi peke yao tayari ni jozi iliyokamilika. Ukiongeza uyoga mkavu kidogo, bora zaidi.

Tuanze na kununua, maana hapa ndipo supu inapofaulu au kufeli. Chagua dagaa wa baharini waliochemshwa kabla ya kuanikwa, wenye urefu wa kidole, wanaong'aa kifedha, ngozi na tumbo vikiwa vizima. Aliyejikunja kidogo ni dalili nzuri, maana samaki aliyechemshwa angali mbichi kabisa hujikunja, na aliyechoka hulala amenyooka na tumbo limepasuka. Mwenye rangi ya manjano au ya kutu tumboni mwache hapo hapo, mafuta yake yameshaharibika na supu nzima itanuka. Dagaa mchele wadogo sana wanafaa, ila hutaweza kuwatoa matumbo mmoja mmoja, kwa hiyo tumia kiasi kidogo na usiwachemshe zaidi ya dakika tatu. Dagaa wa ziwani nao wanatoa supu, lakini harufu yake ni kali zaidi, na wale walioanikwa chini huja na mchanga. Ukiwa nao hao tu, tafuta walioanikwa kwenye chanja, uwasuuze haraka.

Kwa watu wawili chukua gramu 30 za dagaa, kama konzi moja iliyojaa, na lita 1 ya maji ya baridi. Ng'oa vichwa. Pasua tumbo kwa ukucha utoe kile cheusi ndani, maana uchungu wote umo humo. Hii ndiyo kazi ya kuchosha, na ni ya dakika tano tu. Mpe mtoto mkubwa akusaidie. Kisha wapashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili tatu, mpaka ile harufu ya ubichi ibadilike iwe ya kuchoma. Usiwaache wakawa kahawia.

Na hapa ndipo penye siri ya mtu anayerudi saa kumi na mbili. Wapashe dagaa jana yake usiku au asubuhi kabla hujatoka, watie kwenye chombo chenye maji hayo lita moja, funika, weka kwenye friji. Ukirudi jioni ladha imeshaingia majini bila gesi yoyote. Unachofanya ni kubandika sufuria bila kifuniko, moto wa kati, yakianza kutokota unapunguza moto, unaengua povu kwa kijiko, unaacha dakika tano, unachuja. Kama ulisahau asubuhi, roweka nusu saa kisha chemsha dakika nane. Kifuniko usiweke kabisa, kwa sababu harufu ya shombo inatoka na mvuke, na ukiifungia inarudi ndani ya supu. Wala usizidishe muda ukidhani unaongeza utamu. Ukipita hapo unachovuna ni uchungu.

Utapata kama mililita 800 za maji ya dhahabu hafifu. Onja kabla hujatia chochote. Yatakuwa na ladha ya bahari iliyotulia, na huenda yana chumvi tayari, maana dagaa wetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi nyingi. Ndiyo sababu nakuomba soya sosi uitie kwa awamu.

Sasa hiyo soya sosi. Nadhani iliyokutia weusi ni ile nzito ya Kichina, iliyotiwa rangi ya sukari ya kuungua. Hiyo iache kwa ajili ya kukaangia nyama. Soma kibandiko: unataka yenye maji, soya, ngano na chumvi, iliyochachushwa. Japani zipo mbili zinazotumika zaidi. Tokyo na mashariki yake hutumia ya rangi nzito, na supu yao ya udon ni ya kahawia iliyokoza. Osaka, Kyoto na magharibi hutumia ya rangi nyepesi, na supu yao inaonekana hadi chini ya bakuli. Uliyoonja wewe, kwa maelezo yako, ni ya magharibi. Usidanganyike na rangi lakini, kwa sababu hiyo nyepesi ndiyo yenye chumvi zaidi. Kwa mililita 800 anza na vijiko vikubwa viwili vya soya sosi, koroga, onja, kisha ongeza cha tatu ukiona panahitaji. Kama bado haina uzito, tia chumvi nyembamba kidogo badala ya kuendelea kumimina soya, ili rangi ibaki nyepesi.

Wajapani huongeza mirin, kimiminika kitamu cha mchele chenye alkoholi karibu asilimia 14. Wewe kiache. Kazi yake kubwa hapa ni utamu kidogo wa kuzungusha makali ya soya, na vijiko viwili vya chai vya sukari vinatosha. Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja dini: soya sosi iliyochachushwa kiasili huwa na alkoholi kidogo inayojitokeza yenyewe katika uchachu, na baadhi ya viwanda huongeza nyingine ili isiharibike. Tafuta chupa yenye alama ya halali, zipo, na utakuwa na amani.

Kitunguu saumu, tangawizi ya kuchemsha, pilipili manga, kiungo cha pakti: toa vyote. Navipenda kwenye pilau na mchuzi. Humu vinafunika kile kile ulichokifuata. Tangawizi itarudi mwishoni, mbichi, iliyokunwa, juu ya bakuli.

Tambi zako zilikatika kwa sababu zilipikiwa ndani ya supu. Zinatoa wanga, supu inakuwa nzito, nazo zinaendelea kunyonya maji. Tambi za Kijapani huchemshwa peke yake katika maji mengi yasiyo na chumvi, lita 1 kwa kila gramu 100, kwa kuwa chumvi imo tayari ndani ya unga wake. Zikiiva, zimwage kwenye chujio na uzioshe kwa maji ya baridi, uzisugue kwa viganja mpaka ule utelezi uishe. Watu wengi huogopa hatua hii wakidhani wanapoteza ladha. Kinachoondoka ni wanga wa juu, na kinachobaki ni tambi inayoteleza na kurudisha jino. Kisha zipashe tena kwa kuzichovya kwenye maji ya moto (au, ukiwa na jiko moja, kwenye supu inayochemka), uzikaushe, uziweke bakulini.

Kama supamaketi ya karibu haina udon kavu, tambi za ngano za Kichina zilizonyooka, zisizo na mayai wala rangi, zinafaa sana. Tambi za pakti za papo kwa papo nazo usizidharau. Momofuku Ando alizitengeneza Osaka mwaka 1958, na zimewalisha watu wengi duniani. Tupa kile kifuko cha viungo, zichemshe dakika moja na nusu, mwaga maji yale, kwa kuwa zimekaangwa na mafuta yake yatatanda juu ya supu yako safi. Spageti nyembamba nayo ina njia yake: kwa lita 1 ya maji yanayochemka tia kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda (siyo bekingi pauda), taratibu maana yanafoka, kisha pika gramu 100 za spageti humo na uzioshe vizuri. Maji yale ya kimagadi yanazifanya ziwe na mvutano na harufu ya tambi za rameni, ambazo zenyewe hukandwa kwa maji ya aina hiyo. Usitumie magadi ya mawe ya sokoni kwa kazi hii. Mengi yana floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto.

Mpangilio wa jiko moja ni huu. Ukiingia tu, bandika maji ya tambi. Yanapochemka, kata majani ya kitunguu na kuna tangawizi. Pika tambi, zioshe, ziache kwenye chujio. Suuza sufuria ile ile, mimina maji ya dagaa yaliyotoka kwenye friji, chemsha, chuja, rudisha motoni, tia soya na sukari. Ikichemka, chovya tambi humo sekunde 20 tu ili zipate moto, gawa kwenye mabakuli, mwagia supu. Mabakuli yapashe mapema kwa maji yale ya moto uliyochemshia tambi, kabla hujayamwaga, kwani bakuli la baridi hupoozesha supu nyepesi kama hii mara moja. Ukishazoea, dakika 20 zinatosha.

Cha kuweka juu hakihitaji safari ya duka la kigeni. Majani ya kitunguu yaliyokatwa membamba ni lazima kwangu. Mchicha uliotiwa maji ya moto, ukakamuliwa na kukatwa urefu wa vidole viwili, unachukua nafasi ya spinachi wanayotumia wao. Japani wapo wanaovunja yai bichi juu ya udon. Mayai yetu ya mitaani mimi siwezi kukushauri hivyo. Fanya kakitama, ambayo naipenda zaidi hata hivyo: koroga kijiko kikubwa cha wanga wa mahindi na vijiko viwili vya maji, mimina kwenye supu inayochemka huku unakoroga mpaka ishike uzito kidogo, kisha nyunyiza mayai mawili yaliyopigwa, uzi mwembamba ukizunguka sufuria. Hesabu kumi, koroga mara moja, zima. Mayai yanaelea kama vitambaa laini, na supu inakaa na moto muda mrefu. Tangawizi mbichi juu yake. Kwa mtu mwenye mafua sijui chakula kizuri kuliko hiki.

Wanaopenda ukali wana mchanganyiko wao wa vitu saba, shichimi, unaouzwa Tokyo tangu enzi inaitwa Edo. Kwako saga pilipili kavu, ufuta uliokaangwa na ganda la chungwa lililokauka. Hautakuwa saba, lakini ladha iko karibu.

Utashawishika, kwa kuwa uko pwani, kutumia mwani wetu mahali pa kombu. Usifanye. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wa jamii nyingine, mwani mwekundu unaotafutwa viwandani kwa sababu ya uwezo wake wa kugandisha. Utakupa supu ya kuteleza bila ile ladha. Ni mzuri kwa saladi, achari na hata sabuni. Ila ukipata mtu anayekuja kutoka nje akuletee kombu halisi, kipande cha gramu 10 kiroweke pamoja na dagaa wako, na ukitoe kabla maji hayajachemka. Vumbi jeupe juu yake usilioshe, siyo ukungu, ni sehemu ya ladha.

Siku ya mapumziko, ukiwa na hamu, kanda udon yako mwenyewe. Gramu 300 za unga wa ngano, gramu 15 za chumvi iliyoyeyushwa katika mililita 140 za maji. Unga utaonekana mkavu na wenye kukataa kushikana. Usiongeze maji. Utie ndani ya mfuko safi mzito, uuweke chini juu ya kitambaa, uukanyage kwa miguu, ukunje, ukanyage tena. Kagawa wamefanya hivyo vizazi kwa vizazi kwa sababu mikono haina nguvu ya kutosha kwa donge gumu kama hilo. Upumzike saa moja au mbili, usukume unene wa milimita 3, nyunyiza wanga, kunja, kata kwa kisu upana huo huo. Chemsha dakika 10 mpaka 12. Ukipika nyingi, zioshe, zigawe mafungu, zigandishe kwenye friza. Siku ya kazi fungu linaingia maji ya moto dakika moja na liko tayari, halitofautiani sana na la siku ile.

Kuhusu chumvi niwe wazi. Kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi kina karibu gramu 2.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la damu ale tambi, mboga na yai, supu aiache bakulini. Hata Japani wengi wanashauriwa hivyo. Watoto wapunguzie kwa kuongeza maji ya dagaa yasiyotiwa soya.

Dagaa uliowachuja usiwatupe. Wajapani huwapika na soya na sukari mpaka wakauke na kung'aa, wakala na wali. Wewe wakaange na kitunguu na nyanya. Maji ya dagaa yaliyobaki, kabla ya kutiwa soya, yanakaa siku mbili kwenye friji, na yakigandishwa kwenye vyombo vya barafu yanafika wiki mbili tatu bila kupoteza kitu cha maana. Vipande vinne vitano hivyo ndani ya mchuzi wa maharage ya nazi, jaribu uone.